Ihefu Ilikaukia Mferejini

Novemba 29, 2022 Yanga waliingia Ubaruku, wilayani Mbarali, wakiwa na mechi 49 za Ligi Kuu bila kufungwa. Walitoka na kipigo cha mabao 2-1 kutoka kwa Ihefu, na kwa siku kadhaa jina hilo lilitajwa kwenye kila kijiwe kuanzia Kariakoo hadi Mwanjelwa. Wachache waliuliza habari za Ihefu yenyewe, ile ardhioevu ya Usangu iliyoipa timu jina. Wakati mashabiki wakishangilia, Mto Ruaha Mkuu unaotoka Ihefu ulikuwa umekatika. Taarifa za msimu ule zilisema mto ulikaa siku 130 bila kutiririka. Timu imeshahamia Singida na kupewa jina jingine. Ardhioevu imebaki Mbarali na shida yake.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa kila serikali inayoingia madarakani imeahidi kuinusuru Ihefu. Zimeundwa tume, vikosi kazi na miradi. Mifugo imeondolewa, mipaka ya hifadhi imesogezwa mbele na kurudishwa nyuma, vijiji vimeambiwa vihame kisha vikaambiwa visubiri. Katika yote hayo, kitu kimoja hakijaguswa ipasavyo, nacho ni maji yenyewe. Nasema hivyo kwa sababu Ihefu haikukauka chini ya kwato za ng'ombe. Ilikaukia mferejini, kati ya Agosti na Novemba, na itarudi siku tutakapokubali kuzungumza kuhusu jambo linalouma zaidi kisiasa: nani afunge banio lake, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto, wakati wa kiangazi, na anayefunga apewe nini.

Anayesafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, akishapita Makambako, huwa na milima ya Kipengere kushoto na tambarare ya Usangu kulia. Kila daraja analovuka ni mshipa wa Ihefu. Igawa kuna Mto Mbarali. Mbele yake kuna Kimani, Ruaha Mkuu wenyewe na Chimala. Mkoji na vijito vyake vinashuka kutoka upande wa milima ya Poroto. Ndembera hauonekani barabarani hapo, kwa kuwa unatokea Mufindi na kuingia Usangu kwa upande wa Madibira. Mito hii hushuka mlimani kwa kasi, ikifika tambarare huchoka, hutawanyika, na mwisho hukusanyika mashariki kwenye matete na mafunjo ya Ihefu. Maji ya Ihefu yana mlango mmoja tu wa kutokea, sehemu iitwayo Ng'iriama, ambako mwamba umekatiza njia yake kama kizingiti.

Kizingiti hicho ndicho kinachoeleza kila kitu. Ihefu ni beseni: maji hayamwagiki mpaka yafike ukingoni. Masika mito huijaza, beseni hufurika na Ruaha Mkuu hushuka kwa nguvu kupita hifadhini hadi bwawa la Mtera. Kiangazi jua na mimea hunyonya maji kila siku, na kinachoingia kutoka mitoni ndicho pekee kinachofidia. Kinachoingia kikizidiwa na kinachopaa angani, kina hushuka. Kikishuka chini ya mwamba wa Ng'iriama kwa unene wa kidole tu, mto wa chini unakatika, hata kama bado kuna maji mengi ndani ya matete. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama Ihefu akaona maji hadi upeo wa macho, na wakati huohuo viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wanasukumana kwenye dimbwi la tope.

Wazee wa pande zote mbili za mwamba huo waliujua Ruaha Mkuu kuwa ni mto wa mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 1993 ulikatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, kwanza kwa wiki chache, baadaye kwa miezi. Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walilinganisha kumbukumbu za maji za kuanzia 1958 hadi 2004. Waligundua kwamba maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya kiangazi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 70, na eneo linalobaki na maji wakati huo lilikuwa limesinyaa kutoka kilomita za mraba 160 hivi hadi 93. Wakapiga hesabu nyingine ambayo kila kiongozi anayezungumzia Ihefu angepaswa kuijua kwa moyo. Ili Ng'iriama itoe takriban nusu tu ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaani mto mwembamba kabisa wa kuwatosha viumbe wa chini, Ihefu inahitaji kupokea takriban mita saba za ujazo kwa sekunde. Ilikuwa ikipokea nusu ya hizo.

Swali basi ni moja: ile nusu nyingine ilikwenda wapi?

Historia ya Usangu inajibu bila kificho. Wasangu wa enzi za watemi akina Merere walikuwa wafugaji na wavuvi kuliko walivyokuwa wakulima. Ng'ombe walifuata maji yanaporudi nyuma baada ya masika, wavuvi waliweka migono ya kambale na perege na kupiga dago pembezoni mwa matete. Mpunga wa kumwagilia ulishika kasi kati ya miaka ya 1930 na 1940, ulipoletwa na Mabulushi waliofika na ujuzi wa mifereji. Baadaye ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, kisha reli ya TAZARA, na mchele wa Usangu ukapata njia ya kufika Dar es Salaam na Lusaka.

Serikali nayo ikaingia shambani. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa China, lilijengwa Shamba la Mbarali la hekta zaidi ya 3,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likafuata la Kapunga kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kisha skimu ya Madibira inayopata maji kutoka Ndembera. Mawili ya kwanza yalikuwa mali ya NAFCO, na shirika hilo liliposhindwa yaliuzwa kwa wawekezaji binafsi. Pembezoni mwa mashamba hayo walifika Wanyakyusa, Wasafwa, Wabena, Wakinga na Wahehe kwa maelfu, kila mmoja akitafuta jaruba lake. Mwaka 1970 eneo la mpunga lililomwagiliwa Usangu lilikuwa kama hekta 10,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwaka wenye maji mazuri lilizidi hekta 40,000.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani tatizo ni mpunga wa masika. Sivyo. Masika mito ya Usangu ina maji ya kumtosha kila mtu na kubaki. Kisa kipo kiangazi, wakati majaruba mengi yamevunwa na mpunga unaohitaji maji ni mchache. Mifereji huendelea kutiririka. Sehemu ya maji hayo inakwenda kwenye vitalu vya miche ya wakulima wanaowahi msimu ili wavune mapema na kuuza mchele kabla bei haijaporomoka. Sehemu nyingine inamwagika kwenye mashamba yaliyolala, ikilowesha mabua ambayo hayana kazi nayo. Mkulima hakosi sababu. Bei ya mchele wa mwanzo wa msimu inaweza kuwa ndiyo ada ya mtoto, na mtu hawezi kumlaumu kwa kuifukuzia. Lakini lita moja inayomwagika Oktoba kwenye jaruba tupu ni lita ambayo Ihefu ilikuwa ikiingoja kwa kiu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana kwa kuwa linatia aibu wataalamu kuliko wakulima. Zamani mabanio yalijengwa kwa mawe, miti, majani na udongo. Masika mafuriko yaliyabomoa, wakulima wakayajenga upya. Yalikuwa yakivuja, na kuvuja huko ndiko kulikouweka hai mto wa chini, kwa sababu hata banio la juu kabisa halikuweza kuzuia maji yote. Kisha wafadhili na serikali wakaja na mabanio ya zege yenye malango ya chuma, kwa jina la kuongeza ufanisi. Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji wa Chuo Kikuu cha East Anglia aliyefanya kazi Usangu kwa miaka, alionyesha kwamba mabanio haya mapya yaliwapa wa juu uwezo ambao hawakuwa nao kabla: kuuchukua mto mzima wakati wa kiangazi bila kuacha hata tone. Zege lilifanya kazi yake vizuri mno.

Juu ya zege hilo zikawekwa karatasi. Mwaka 1993 iliundwa ofisi ya Bonde la Rufiji, na katika miaka iliyofuata, chini ya mradi wa Benki ya Dunia, watumiaji walitakiwa kusajili haki za maji na kuzilipia. Haki hizo ziliandikwa kwa lita kwa sekunde, namba ileile Machi na Oktoba. Mto, hata hivyo, haujui namba hiyo. Machi unaweza kutoa mara nyingi zaidi ya kilichoandikwa, na Oktoba ukashindwa kufikia hata nusu. Mkulima aliyelipa ada yake aliamini, na nani atamkatalia, kwamba amenunua maji hayo mwaka mzima. Karatasi iliyokusudiwa kupunguza uchukuaji iliugeuza kuwa haki iliyolipiwa.

Wakati mito ikinywewa namna hiyo juu, chini kulikuwa na kelele za namna nyingine. Kidatu na Mtera, mabwawa mawili ya Ruaha Mkuu yenye megawati 204 na 80, yalikuwa mhimili wa umeme wa nchi. Mgawo wa umeme ulipoingia miaka ya 1990, lawama zilielekezwa Usangu. Mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza London kwamba serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006, mwaka uleule wa ukame, giza na mkataba wa umeme wa Richmond, Usangu ilishtakiwa upya.

Kufikia hapo utafiti ulikuwa umeshafanyika. Mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, ulimaliza kazi yake mwaka 2001, na RIPARWIN, wa Sokoine pamoja na washirika wa nje, ukafuata. Yote miwili iliona kwamba chanzo kikuu cha mto kukatika ni maji yanayochepushwa kiangazi kwa ajili ya umwagiliaji. Iliona pia kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na kwamba maji ya kiangazi yanayopotea Usangu ni kidogo mno kuweza kuzima taa za Dar es Salaam. Namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa ilikuwa na mchango mkubwa zaidi. Kumbukumbu za mvua za miaka hiyo hazikuonyesha upungufu wa kutosha kueleza mto kukauka. Hata idadi ya ng'ombe iliyokuwa ikitajwa maofisini ilikuwa kubwa kuliko waliopatikana walipohesabiwa.

Pamoja na hayo, mshtakiwa aliyechaguliwa alikuwa ng'ombe. Kuanzia 2006 hadi 2007, Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig na wafugaji wengine waliondolewa Usangu na kupelekwa Lindi na Pwani, wakiwa na ng'ombe zaidi ya laki mbili. Safari hiyo ilikuwa ya mateso. Mifugo ilikufa njiani, faini zilitozwa, malalamiko yakawa mengi hadi Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Othman Chande kuyachunguza. Mwaka 2008, Tangazo la Serikali Namba 28 likaingiza Ihefu na eneo kubwa la Usangu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ilipanuka na kufikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Ng'ombe mmoja wa kienyeji tumpe lita 40 kwa siku, na hapo tumemkirimu. Ng'ombe laki mbili watakunywa lita milioni nane. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata lita 93 kwa sekunde. Pengo la Ihefu, kwa hesabu ya akina Kashaigili, ni takriban lita 3,500 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, ng'ombe wote waliofukuzwa, pamoja na machozi ya wenye nao, waliirudishia Ihefu chini ya asilimia tatu ya kilichopungua. Banio moja kubwa lililosahauliwa wazi usiku linaweza kumeza zaidi ya hapo.

Sisemi kwamba ng'ombe ni malaika. Makundi makubwa yakikaa mahali pamoja hukanyaga udongo, humaliza nyasi, hubomoa kingo za mito, na moto unaochomwa ili kupata majani mabichi huingia kwenye matete. Migogoro kati ya wakulima na wafugaji Usangu imewahi kumwaga damu. Hayo yote yanahitaji mipango ya malisho na njia za mifugo. Lakini hayo ni magonjwa ya ardhi, na mto ulikuwa ukifa kwa ugonjwa wa maji. Wafugaji waliondolewa kwa sababu walikuwa wepesi kuondolewa. Hawakuwa na zege, hawakuwa na hati, wengi hawakuwa na mbunge wa kuwasemea. Shamba la mpunga lina vyote vitatu.

Matokeo ya jaribio hilo tunayo. Miaka 16 baada ya ng'ombe kufukuzwa na 14 baada ya Ihefu kuwa hifadhi, mto ulikatika siku 130. Mwaka 2010 wa ahadi ya Sumaye ulipita kimya. Aprili 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua Iringa kikosi kazi cha kitaifa cha kunusuru Ruaha Mkuu. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliochanganya utalii wa kusini na ulinzi wa maji ya Ruaha. Oktoba 2022 ikatangazwa Mbarali kwamba vijiji vitano na vitongoji kadhaa vitaondolewa. Mwaka 2023 mpaka wa hifadhi ukachorwa upya kwa tangazo jingine. Aprili 2024, baada ya malalamiko ya wanavijiji kuhusu ukatili na kupoteza riziki, Benki ikasimamisha fedha, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafungwa. Fedha zilizotakiwa kurudisha maji zilikwama kwenye mgogoro wa mipaka.

Mpaka unaweza kulinda matete yasikatwe na samaki wasivuliwe kwa nyavu haramu. Hauwezi kuleta maji, kwa sababu maji ya Ihefu yanaamuliwa kilomita nyingi juu yake, nje ya hifadhi, kwenye mabanio ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera, na juu zaidi kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya Mufindi na Njombe na mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vijito. Askari wa wanyamapori anaweza kuzunguka Ihefu usiku na mchana na bado ikamkaukia machoni.

Basi kifanyike nini? Naanza na jambo linaloonekana dogo: maji ya kunywa. Mifereji mingi Usangu haifungwi kiangazi hata pale mkulima anapotaka kuifunga, kwa kuwa ndiyo bomba la kijiji. Akina mama wanachota humo, watoto wanaoga humo, matofali yanafyatuliwa kwa maji hayo. Ili ndoo mia chache za nyumbani zifike kijijini, mto mdogo mzima hupitishwa kwenye mfereji wa udongo na sehemu kubwa kupotea njiani. Visima virefu na mabomba kwenye vijiji vya mpunga ni mradi wa afya unaojulikana na kila halmashauri. Huko Usangu ungekuwa pia mradi wa uhifadhi, pengine wenye faida kubwa kuliko uzio wowote. Ukimpa mama kisima, umempa mwenyekiti wa skimu sababu ya kufunga lango.

Pili ni mabanio yenyewe. Malango ya zege yanaweza kurekebishwa yagawe mto kwa uwiano badala ya kuchukua kiasi kilekile bila kujali mto una nini. Mto ukipungua, mfereji nao upungue, na sehemu fulani ipite chini daima, bila kutegemea huruma ya mlinzi wa lango. Vibali viandikwe hivyohivyo: kimoja cha masika, kingine cha kiangazi. Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009 inaweka matumizi ya nyumbani kwanza, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo zije shughuli za kiuchumi. Kwa mpangilio huo Ihefu iko mbele ya kitalu cha Septemba. Utekelezaji ndio uliogeuzwa kichwa chini.

Tatu, anayefunga afidiwe, na wakubwa waanze. Mashamba makubwa yana vipimo, wahandisi na mitaji. Hayana kisingizio cha kumwaga maji Oktoba. Mkulima mdogo anayeacha kuwahi msimu apate mbegu, mkopo na mafunzo ya kilimo shadidi, kinachotumia maji machache kwa kulowesha na kukausha jaruba kwa zamu, na apate ghala la kumwezesha kusubiri bei. Nchi nyingine hazikuona aibu kulipia jambo hili. Australia, kwenye bonde la mito ya Murray na Darling, serikali ilitumia mabilioni kununua haki za maji kutoka kwa wakulima waliokuwa tayari kuuza, ikayarudisha mtoni. Kulikuwa na hasira na maandamano, na ubishi haujaisha, lakini angalau kila upande ulijua maji kiasi gani yanarudi na yanatoka kwa nani. Sisi tunatoza ada za hifadhi kwa watalii wanaokuja kuona tembo wa Ruaha wakichimba mchanga kutafuta maji. Sehemu ya ada hizo ingeweza kupanda juu hadi kwa mkulima wa Igurusi.

Wapo watakaosema suluhisho ni bwawa, na mpango wa bwawa la Lugoda kwenye Mto Ndembera umekuwa mezani kwa miaka. Kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi ni wazo zuri. Lakini kati ya bwawa na Ihefu kuna mabanio. Maji yakiachiwa Lugoda bila kanuni ya nani asiyaguse, yatapanua mpunga tu, kama kila mradi uliotangulia. Bwawa lije baada ya kanuni.

Wapo pia watakaosema mchele kwanza, wanyama baadaye. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mchele wa Mbarali unalisha miji yetu na umesomesha kizazi kizima cha Nyanda za Juu Kusini. Ila inajibika. Mpunga mwingi wa Usangu ni wa masika, na masika hakuna anayedaiwa maji. Kinachodaiwa ni miezi minne ya mwisho wa kiangazi, wakati maji yanazalisha kidogo kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Tena anayeumia kwanza mifereji ya juu inapochukua yote si kiboko. Ni mkulima mwenziwe wa mkiani mwa skimu.

Wakulima wenyewe wanalielewa hili kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya RIPARWIN watafiti walitengeneza mchezo: ubao mrefu ulioinamishwa, gololi zikiwa ndiyo maji, vijiti vikiwa mabanio. Wakulima walicheza wakichepusha gololi kwenye mashamba yao. Wa juu walijaza vishimo vyao, wa chini wakabaki watupu, na ubishi ukaanza palepale, kisha makubaliano ya zamu. Walioketi kwenye ubao huo walikuwa ndio wenye mito. Jumuiya za watumia maji zilizoko leo Usangu ni mahali pa kuendeleza mazungumzo hayo, mradi Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji izipe takwimu na meno, isizifikie tu mto ukishakauka na operesheni ikiwa imeshatangazwa.

Niseme na jambo ambalo marafiki wa Ihefu hawapendi kulisikia. Tusiitetee kwa hoja ya umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, linapata sehemu kubwa ya maji yake Kilombero. Mchango wa Ruaha Mkuu kwenye Rufiji ni kama asilimia 15, na mwingi ni wa masika. Hoja ya umeme ndiyo iliyotuletea hofu, na hofu ikatuletea operesheni. Ihefu inastahili maji kwa sababu zake yenyewe: samaki wanaozaliana humo, ndege wa majini, viboko na nyati wa chini, na watu wanaoishi kwa mto huo hadi Mtera. Sababu hizo zinatosha, na sheria tayari imezikubali.

Ahadi ya 2010 ilivunjika bila mtu yeyote kuulizwa, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kuulizia. Ilisema mto utatiririka, haikusema maji yatatoka banio gani. Ahadi ijayo iandikwe kwa namna ambayo mkulima wa Madibira na mhariri wa gazeti Iringa wanaweza kuikagua: mita saba za ujazo kwa sekunde ziingie Ihefu kuanzia Agosti hadi Novemba, vipimo vya kila wiki vya mabanio makubwa na vya Ng'iriama vibandikwe ofisi za kata na kutangazwa redioni, na kila banio liwe na tarehe yake ya kufungwa na jina la mwenye ufunguo. Kiongozi atakayekataa kusaini ahadi ya namna hiyo, asipewe tena jukwaa la kuinusuru Ihefu.